Kidonge kilinipa usingizi kikaninyang'anya ndoto. Nimeacha siku nne, zimerudi zote kwa mkupuo

DagaaKavu (mleta uzi), Jumatatu saa 3:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Kichwa cha habari kinajieleza ila ngoja nifafanue, mtanisamehe kwa urefu.

Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wanaoijua kazi hii wanajua, boti za visiwani zikifika alfajiri wewe bado umelala, mzigo mzuri utausikia kwa jirani. Kwa hiyo naamka saa 9 usiku. Kipindi cha giza dagaa wanavuliwa sana, ni mbio juu ya mbio. Mbalamwezi ikitoka taa za wavuvi zinakosa kazi, mzigo unapungua, nakaa nyumbani. Ajabu ni kwamba usingizi ulinikimbia hasa siku hizo za mbalamwezi, siku za kupumzika. Naingia kitandani saa 3, saa 6 macho makavu, nasikiliza mbwa wa mtaa wa pili.

Miezi minane iliyopita nikaenda duka la dawa, nikajieleza, nikapewa vidonge, kimoja kila usiku. Vikafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Nikimeza saa 2 na nusu, saa 3 na robo sipo duniani. Ila nikaona mambo mawili. Naamka mzito, kinywa kikavu kama nimelamba jivu, mpaka saa 4 asubuhi ndiyo kichwa kinafunguka. Halafu siku moja mke wangu anasimulia ndoto yake tukinywa chai, nikajaribu kukumbuka ndoto yangu ya mwisho, sikuipata. Miezi yote ile hakuna. Nazimwa, nawashwa, kama jenereta.

Alhamisi vidonge vikaisha nikasema basi, naacha. Wakuu! Usiku wa pili ndoto zikaja mfululizo. Nimezama na mtumbwi. Marehemu baba ananiuliza hesabu ya magunia. Kiboko ananikimbiza kutoka ziwani mpaka stendi ya Buzuruga. Naamka jasho chapachapa. Mke wangu ameshaanza kusema tuite watu wa maombi.

Swali langu: hizo ndoto zilikuwa zimeenda wapi, na kwa nini zimerudi na hasira hivi? Nirudie dawa?

KibokoWaBugogwa, saa 3:52 usiku

Mkuu usiku huo mimi nilikuwa nyumbani, mashahidi wapo.

Mteule255, saa 3:58 usiku

Mke wako ana akili kukuzidi. Ndoto za kuzama majini si za kupuuzia. Tafuta maombi kabla hujachelewa.

FamasiaNusu, saa 4:10 usiku

Pole mkuu. Nasoma famasia, bado sijamaliza, kwa hiyo nichukulieni hivyo hivyo. Hiyo itakuwa diazepamu, yaani Valium. Ndiyo watu wengi wanapewa kienyeji ingawa ni dawa inayodhibitiwa, haitakiwi kutoka bila cheti. Usingizi una hatua nne, ukiacha ule wa ndoto, na diazepamu inapunguza hatua ya tatu na ya nne, zile za usingizi mzito. Inaongeza ya pili. Ndiyo maana unalala saa nyingi unaamka umechoka.

BiMkubwaNyegezi, saa 4:31 usiku

Mwanangu FamasiaNusu, umesoma vizuri lakini umekimbilia jibu kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Amesema kinywa kikavu kama jivu. Diazepamu haina kawaida hiyo. DagaaKavu, kama karatasi ya vidonge bado ipo, isome utuandikie.

Na kitabu chako ni cha zamani kidogo. Hatua nne zilitokana na mwongozo wa 1968. Tangu 2007 ya tatu na ya nne zimeunganishwa, sasa tunahesabu tatu, ukiongeza usingizi wa ndoto.

DagaaKavu, saa 4:44 usiku

Shikamoo mama. Nimeipata kwenye droo. Imeandikwa amitriptilini, miligramu 25.

FamasiaNusu, saa 4:46 usiku

Daah. Nimekula ya uso. Mama endelea.

BiMkubwaNyegezi, saa 5:20 usiku

Marahaba. Mimi ni nesi mstaafu, nimekaa wodini miaka mingi, zamu za usiku nazijua kuliko sebule yangu. Niandike taratibu, macho yenyewe ya uzee.

Chukulia usiku wako ni kivuko cha Kamanga. Hakilali upande mmoja. Kinakwenda ng'ambo, kinarudi, kinakwenda tena. Ng'ambo moja ni usingizi mzito, hatua ya tatu, ambapo mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, na kumwamsha mtu hapo ni kazi. Ng'ambo ya pili ni usingizi wa ndoto. Macho yanachezacheza chini ya kope, ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, lakini misuli ya mwili imelegezwa ili usiinuke ukampiga mwenzio. Usingizi huo ulitambuliwa Chicago mwaka 1953, na Aserinsky na mwalimu wake Kleitman, kwa kuangalia macho ya watu waliolala. Wanauita REM. Katikati ndiyo maji yenyewe, hatua ya pili, karibu nusu ya usiku wote unaipitia humo.

Safari moja, kwenda na kurudi, ni kama dakika 90. Kwa usiku unapiga nne, tano, hata sita. Sasa sikiliza hapa: safari si sawa. Zile za mwanzo kivuko kinakaa sana upande wa usingizi mzito, upande wa ndoto kinagusa tu na kuondoka. Kadiri alfajiri inavyokaribia kinageuza, usingizi mzito unakwisha, ndoto zinarefuka. Robo ya usiku wa mtu mzima, au pungufu kidogo, ni ndoto, na sehemu kubwa yake iko mwishoni.

Wewe unaamka saa 9. Kwa hiyo hata kabla ya kidonge ulikuwa unashuka kivukoni wakati ndoto ndiyo zinapakiwa. Kidonge kikaja kukata na zile kidogo zilizobaki.

Amitriptilini kwa asili ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo inatumika pia kwa maumivu ya mishipa na kipandauso, na kwa kuwa inaleta usingizi watu wameifanya dawa ya usingizi. Ili ubongo uwashe usingizi wa ndoto unahitaji kemikali iitwayo asetilikolini ipande, na wakati huohuo nyingine mbili, serotonini na noradrenalini, zinyamaze. Amitriptilini inafanya kinyume kwa zote tatu. Inaziba asetilikolini, inaziacha zile mbili zitambe. Usingizi wa ndoto unachelewa kuanza na ukianza unakuwa mfupi. Na asetilikolini hiyohiyo ndiyo inayoamuru mate yatoke. Kwa hiyo kinywa kukauka na ndoto kukauka, mwanangu, ni jambo moja limetokea sehemu mbili.

DagaaKavu, saa 5:27 usiku

Mama nimesoma hii mara tatu. Sasa zimerudi kwa nini na mafuriko?

BiMkubwaNyegezi, saa 5:49 usiku

Ubongo unaweka deni. Ukinyimwa usingizi wa ndoto kwa muda mrefu, siku kizuizi kinapoondoka unaingia ndotoni mapema, unakaa zaidi, na ndoto zinakuwa kali. Pia asetilikolini iliyokuwa imefungiwa miezi minane inapata uwanja wote kwa ghafla. Ulianza usiku wa pili badala ya wa kwanza kwa sababu dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja, inapungua kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Baba yako na magunia ni kumbukumbu zako, siwezi kukusomea. Mambo ya maombi nayo sikukatazi, mimi mwenyewe nasali. Lakini usifikiri umerogwa, na usirudie dawa kwa kujipangia. Kesho nenda hospitali na hiyo karatasi ya vidonge mkononi. Mwambie daktari ulitumia miezi mingapi na umeacha lini. Yeye ndiye atasema kama urudishiwe kidogo ushushwe taratibu au uvumilie. Ukisikia moyo kwenda mbio, au mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho.

MlinziIgoma, Jumanne saa 12:15 asubuhi

Nimetoka lindo nimekuta nondo. Mama shikamoo. Mimi nalala mchana, natumia Piriton mbili. Mwanzo zilikuwa zinanibeba, sasa hata nne sioni kitu. Nazo zinakula ndoto?

FamasiaNusu, saa 1:02 asubuhi

Hii naiweza, mama akiona nimepotea atanirudisha. Piriton ni dawa ya mzio. Inaziba histamini, na histamini ndani ya ubongo ndiyo mojawapo ya zinazokuweka macho, ndiyo maana unasinzia. Dawa za kundi hili la zamani nazo zinagusa asetilikolini, kwa hiyo zinachelewesha usingizi wa ndoto na kuupunguza, ingawa si kwa ukali wa amitriptilini. Mwili unauzoea ule usingizi wake haraka, ni suala la siku, si miezi. Kinachobaki ni ukavu wa kinywa na uzito wa kichwa. Kupandisha dozi mpaka nne ni kujiongezea madhara bila kupata usingizi.

BiMkubwaNyegezi, saa 1:30 asubuhi

Hujapotea. Mlinzi, mwanangu, adui yako mkubwa ni saa ya mwili. Usingizi wa ndoto unafuata saa hiyo, unapenda alfajiri. Wewe unalala saa 2 asubuhi, jua linapanda, bati linachemka, watoto wanacheza. Weka pazia zito, hata kanga mbili juu ya nyingine, lala ukitoka tu lindo, usikae kupiga stori mpaka saa 5. Chai ya rangi na kahawa mwisho katikati ya lindo. Kafeini baada ya saa tano nusu yake bado inazunguka kwenye damu.

MtuWaKaziNyamagana, saa 3:11 asubuhi

Mimi naona mnaogopesha watu. Nimeandikiwa dawa ya usingizi na daktari kabisa, nimeitumia kwa vipindi miaka sita, nafanya kazi, nalea watoto. Bila dawa nilikuwa nalala saa mbili. Sasa hayo mawimbi makubwa na madogo yatanisaidia nini kama sijalala kabisa? Mtu mwenye njaa humpi somo la vitamini.

FamasiaNusu, saa 3:25 asubuhi

Ila tafiti za maabara zinaonyesha wazi diazepamu na ndugu zake zinapunguza usingizi mzito...

BiMkubwaNyegezi, saa 4:05 asubuhi

Hapana, FamasiaNusu, mwache. MtuWaKazi ana hoja na sipendi ipite hivi hivi.

Mtu asiyelala naye hatua zake zimevurugika. Anakatika katika, anarudi hatua ya kwanza, ile ya kusinzia tu, mara ishirini, usingizi mzito unamponyoka na ndoto zinavunjika vipande. Dawa za kundi la diazepamu zinamfanya asinzie mapema, asiamke amke. Hiyo ni faida ya kweli. Bei yake ni kwamba usiku unajaa hatua ya pili, mawimbi makubwa ya usingizi mzito yanashuka, ndoto zinapungua kidogo. Sasa je, mawimbi kupungua kwenye karatasi ya kipimo ni lazima mtu achoke mchana? Si lazima. Nimeona wagonjwa wanaamka na nafuu usoni. Kwa siku chache za msiba, au kabla ya upasuaji, mimi mwenyewe nimewapa watu kwa mkono huu kwa maelekezo ya daktari bila kusita.

Shida ni miezi. Mwili unazoea, dozi inaomba kupanda, na ukikata ghafla usingizi unakimbia kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mtu anasema "mnaona, bila dawa siwezi", kumbe anachokiona ni dawa yenyewe inavyoondoka. Aliyetumia diazepamu muda mrefu akiacha siku moja anaweza hata kupata kifafa. Kwa hiyo wewe MtuWaKazi endelea na daktari wako, ila muulize swali moja: tunashuka lini, na kwa ngazi zipi?

MtuWaKaziNyamagana, saa 4:20 asubuhi

Hilo swali sijawahi kumuuliza kweli. Asante mama.

MamaTatuBuhongwa, saa 5:33 asubuhi

Samahani nichomekee langu. Mume wangu anakoroma mpaka watoto wamehama chumba cha jirani. Halafu katikati anakata, kimya, nahesabu mpaka kumi na kitu, ndipo anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetoka majini. Mchana anasinzia hata kwenye hiace. Rafiki yake kamshauri Valium ili alale vizuri.

BiMkubwaNyegezi, saa 5:41 asubuhi

Asimeze! Mama Tatu, ficha hivyo vidonge. Hiyo ni njia ya hewa inayoziba usingizini. Valium inalegeza misuli ya koo na kuupumbaza ubongo usishtuke kumwamsha avute pumzi. Pombe inafanya hivyohivyo. Apelekwe hospitali, na wewe uende naye, maana yeye atasema "silali vibaya". Hajioni. Shahidi ni wewe.

KibokoWaBugogwa, saa 7:15 mchana

Kwa hiyo bia mbili za kulalia nazo hazifai? Naulizia rafiki.

FamasiaNusu, saa 7:22 mchana

Mwambie rafiki: nusu ya kwanza ya usiku atazama vizuri, usingizi mzito unaongezeka hata. Ikiisha kwenye damu, nusu ya pili anaamka amka, jasho, choo, na ndoto alizonyimwa mwanzoni zinamvamia vipande vipande. Bia si dawa ya usingizi, ni mkopo wa mtandaoni.

DagaaKavu, saa 2:05 usiku

Wakuu nimerudi. Kwanza nimemuonyesha mke wangu uzi, amesoma pale pa mate na asetilikolini akacheka, ila maombi ya Jumamosi yapo palepale.

Hospitali nimekwenda. Daktari ameniambia kwa kuwa dozi ilikuwa ndogo na siku za mwanzo zimeshapita, nisirudie, nivumilie, ndoto zitapungua ukali zenyewe, nirudi baada ya wiki mbili. Hajanipa kidonge kingine, na nilikuwa nimejiandaa kumuomba zile mpya ninazosikia.

Ila mama, kuna jingine limenitoa amani. Jana niliongea na mama yangu aliyeko Nansio, Ukerewe. Anameza kidonge cha usingizi tangu baba afariki, nikamwambia mdogo wangu asome: diazepamu, miligramu 5. Mama ana miaka 74. Mwezi uliopita alianguka usiku akienda chooni, tukalaumu sakafu.

BiMkubwaNyegezi, saa 2:48 usiku

Msalimie, mwambie pole. Sakafu inaweza kuwa haina kosa.

Diazepamu kwa kijana tu inachukua siku moja hadi mbili kupungua nusu, na ini linaibadilisha kuwa kitu kingine chenye nguvu ileile kinachokaa hata zaidi. Kwa bibi wa miaka 74 ni polepole zaidi. Kidonge cha leo kinamkuta cha juzi bado kipo. Anaamka usiku, miguu haijaamka. Orodha ya Beers, ambayo madaktari wa wazee hutumia kujua dawa za kuepuka, imeweka kundi hili lote humo, kwa ajili ya kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa.

Na kitu kingine watoto wa wazee hamkijui. Usingizi mzito unapungua kwa umri hata bila ugonjwa. Mama yako kuamka saa 10 alfajiri hakuhitaji kutibiwa, kama mchana yuko vizuri. Akiongezewa diazepamu, kile kidogo cha usingizi mzito alichobakiwa nacho kinapungua tena.

Sasa nisikilize vizuri: usimkatie kesho. Umesikia nilichosema kuhusu kifafa. Ashushwe kidogo kidogo, wiki kwa wiki, hata miezi, na daktari. Kwa sasa wekeni taa ya sola njiani kwenda chooni, au ndoo chumbani.

FamasiaNusu, saa 3:02 usiku

Kuhusu hizo mpya, zolpidemu usingizi mzito inauacha karibu kama ulivyo, inatoka mwilini haraka, ila nayo ina yake. Marekani mwaka 2013 walipunguza dozi ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu asubuhi dawa ilikuwa bado ipo na watu wanaendesha magari. Mwaka 2019 wakaweka onyo kali kwa sababu ya watu kutembea, kupika, hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Mleta uzi na saa 9 yako ya usiku, na boti, na ngazi za Mwaloni, sikushauri.

BiMkubwaNyegezi, saa 3:30 usiku

Sasa turudi kwenye ugonjwa wenyewe, maana tumezungumza dawa siku nzima. DagaaKavu, siku za giza unalala saa 3 unaamka saa 9. Saa sita. Siku za mbalamwezi unaingia kitandani saa ngapi, unatoka saa ngapi? Na mchana unalala?

DagaaKavu, saa 3:37 usiku

Naingia saa 3, natoka saa 1 asubuhi. Mchana baada ya ugali nalala saa mbili hivi, nafidia.

BiMkubwaNyegezi, saa 3:58 usiku

Saa kumi kitandani, ukijumlisha na mbili za mchana ni kumi na mbili, na mwili umeuzoesha sita! Usingizi umeutandaza kama dagaa wachache kwenye turubai kubwa, lazima mchanga uonekane.

Jaribu hivi. Mbalamwezi ikitoka, kuamka usivuke saa 10 na nusu alfajiri, iwe umelala vizuri au vibaya. Usiku usiingie kitandani saa 3, ngoja mpaka macho yanafunga yenyewe, hata saa 4 na nusu. Mchana usilale, au ikibidi sana dakika ishirini. Ukiona dakika ishirini usiku zimepita huna usingizi, toka kitandani, kaa sebuleni gizani, rudi ukisinzia. Wiki ya kwanza utanitukana. Siku hizo kama una safari ya kuendesha chombo, ahirisha. Haya hayajatoka kichwani mwangu, ni sehemu ya matibabu ambayo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani mwaka 2016 kilisema yaanze kabla ya dawa yoyote kwa mtu mzima mwenye tatizo la muda mrefu. Hayagusi kemikali za hatua yoyote. Yanaongeza tu njaa ya usingizi, na mwili wenye njaa unaanza kwa kula usingizi mzito.

MlinziIgoma, saa 4:12 usiku

Turubai la dagaa limeniua. Mama andika kitabu.

DagaaKavu, wiki ya tatu, Jumapili saa 11:20 alfajiri

Mrejesho wakuu.

Wiki ya kwanza nilimtukana mama kweli, kimoyomoyo. Siku ya tano nikasinzia nimeshika daftari la mzigo. Ndoto kali zilidumu kama siku kumi hivi, kisha zikawa za kawaida, za kijinga kijinga. Mbalamwezi imeisha juzi, na katika siku zote hizo nimekosa usingizi mara mbili tu. Kichwa kinafunguka kabla ya chai.

Mama yangu wa Nansio ameanza kushushwa dozi. Kidonge kimekuwa nusu na robo, analalamika, anasema tunamtesa. Taa ya sola anaipenda lakini.

Leo nimeota baba tena. Hakuwa mkali. Alikuwa amekaa juu ya gunia pale Mwaloni, ananiambia nimehesabu vibaya, ni arobaini na saba si arobaini na sita. Nikaamka dakika kumi kabla ya kengele. Nimefika hapa nimehesabu mzigo wa Ukara. Arobaini na sita.

KibokoWaBugogwa, saa 11:34 alfajiri

Hesabu tena.